Sanfishi wa Juni huenda wapi ifikapo Agosti?

SWALI: Mimi ni mzaliwa wa Kigoma na sasa ninaishi na familia yangu kusini mwa jimbo la Minnesota, Marekani. Mwaka jana, mwanzoni mwa Juni, nilikuwa nikisimama ukingoni mwa ziwa lililo karibu na kwetu, na kwa nyungunyungu na ndoano ndogo nilipata sanfishi wakubwa kama kiganja mpaka nikafikia idadi inayoruhusiwa kwa siku. Mwezi wa nane nilirudi mahali palepale na chambo kilekile, nikaambulia vidogo visivyojaza mkono. Jirani yangu ananiambia kwamba yeye huwavua hata wakati wa baridi, chini ya barafu. Samaki hawa huenda wapi, na nitawafuataje mwaka mzima? Pia nilisikia mtu akilaumu wanaochukua wakubwa wa Juni. Je, ni vibaya kuwachukua?

JIBU: Ndugu yangu, umeuliza maswali mawili, na ni vizuri kwamba umeyaleta pamoja, kwa sababu mtu akishaelewa kwa nini samaki wale walikuwa ukingoni mwezi wa Juni, atajua pia walikokwenda Agosti na atajua la kufanya anapowashika.

Kwanza nikuombe uiweke kando kalenda uliyokuja nayo kutoka Kigoma. Maji ya juu ya Ziwa Tanganyika hupanda na kushuka kwa nyuzi joto chache tu kati ya kiangazi na masika, kwa hiyo mvuvi wa kule hujifunza kufuata upepo, mvua na giza la mwezi. Ziwa la Minnesota linakaribia nyuzi sifuri palepale chini ya barafu mwezi Januari, na mwezi Julai maji yake ya juu huweza kupita nyuzi 25 za Selsiasi. Samaki hana moto wake mwenyewe mwilini. Joto la maji ndilo joto la damu yake, na kwa hilo hupangwa hamu yake ya kula, kasi ya kuogelea, wakati wa kutaga na kina anachokaa. Kipimajoto cha maji cha bei ndogo, kilichofungwa kwenye kamba, kitakusaidia kuliko chambo chochote cha dukani. Kwa kuwa vipimo vya huko husomwa kwa Fareneheiti, nitavitaja kwa namna zote mbili pale panapohitajika.

Jina sanfishi, kama linavyotumiwa na wenyeji wako, si la samaki mmoja. Ni jamii nzima ya samaki wa maji yasiyo na chumvi wenye asili ya Amerika Kaskazini, walio katika ukoo mmoja na besi wa mdomo mkubwa. Uliyemshika huenda alikuwa blugili, ambaye wataalamu humwita Lepomis macrochirus: ana mwili bapa na wa mviringo unaofanana kwa mbali na perege, mdomo mdogo sana, kipande cheusi kama sikio mwishoni mwa kifuniko cha matamvua, na doa jeusi katika sehemu ya nyuma ya pezi la mgongoni. Ukiona sikio hilo lina ncha nyekundu au ya rangi ya chungwa, na shavu lina michirizi ya buluu, basi huyo ni ndugu yake, Lepomis gibbosus, ambaye wenyeji humwita kwa jina lenye maana ya mbegu ya boga, na ambaye hupenda kuvunja konokono kwa meno ya kooni. Hawa wawili huzaliana na kuchanganyika, kwa hiyo usishangae ukipata samaki mwenye alama za pande zote mbili. Yafuatayo yanamhusu zaidi blugili.

Sasa turudi Juni. Maji ya ukingoni yanapokaribia nyuzi 20 za Selsiasi, yaani 68 za Fareneheiti, madume ya blugili huja kwenye maji ya kina cha futi mbili hadi tano, mahali penye mchanga au changarawe, na kila mmoja hufagia kiota kwa mkia wake. Kiota hicho ni shimo la duara la upana wa sahani kubwa, na viota havikai mbalimbali. Hupangwa karibu karibu, makumi kwa makumi, na pengine mamia, mpaka sakafu ya ziwa ikaonekana kama imepigwa mihuri. Ukivaa miwani inayokata mng'ao wa maji, siku ya jua na utulivu, utaviona waziwazi kutoka ukingoni. Jike huja, hutaga, kisha huondoka zake. Dume hubaki peke yake, akipepea mayai kwa mapezi ili yapate hewa na yasifunikwe na tope, na akimfukuza kila anayesogea, mpaka mayai yaanguliwe baada ya siku chache na watoto waweze kuogelea. Wewe uliyekulia Kigoma unamfahamu kuhe, ambaye dume na jike wote wawili hulinda watoto wao, na huenda unamfahamu sato, ambaye jike huyabeba mayai mdomoni. Kwa blugili kazi yote ni ya baba.

Katika kundi hilo la viota, nafasi hazilingani. Madume makubwa na yenye nguvu hushika viota vya katikati, ambako konokono na kambare wadogo wanaokula mayai hawafiki kwa urahisi, na madume dhaifu husukumwa pembezoni. Kwa hiyo samaki uliokuwa ukiwatoa majini mwanzoni mwa Juni, wenye kifua cha rangi ya shaba au chungwa na kichwa cheusi kuliko kawaida, karibu wote walikuwa walinzi wa viota, na miongoni mwao walikuwamo wale walinzi bora kabisa wa ziwa lile.

Hapo ndipo penye jibu la kwa nini ilikuwa rahisi kuwapata. Hawakuwa na njaa. Dume anayelinda hula kidogo mno siku hizo, na hulivamia nyungunyungu kwa sababu ni kitu kigeni kilichoangukia juu ya mayai yake. Ndiyo maana alimshika kwa ukali, tena mara ya kwanza ulipomtupa, na ndiyo maana mtu asiye na ujuzi wowote anaweza, kwa wiki mbili au tatu za mwaka, kuwatoa samaki wakubwa wa ziwa zima akiwa amesimama mahali pamoja. Ukimtoa mlinzi, haichukui muda mrefu kabla samaki wadogo waliokuwa wakizunguka pembeni hawajaingia kiotani na kuyala mayai. Ukimrudisha upesi, mara nyingi hurudi na kuendelea na ulinzi; ukimweka ndooni, kizazi kile kimekwisha.

Hasara haiishii kwenye kiota kimoja, na jambo hili ningependa kila mvuvi wa ziwa dogo alielewe. Watafiti waliofanya kazi miaka mingi katika Ziwa Opinicon, jimbo la Ontario nchini Kanada, walionyesha kwamba madume ya blugili hayana njia moja ya maisha. Wapo wanaochelewa kukomaa, wakakua kwanza, na kufikia umri wa kujenga kiota wakiwa na miaka kama saba. Wapo wengine wanaokomaa wakiwa na miaka miwili tu, wakiwa wadogo kama kidole, ambao hawajengi chochote. Hujificha majanini na kuchomoka ghafla kumwaga mbegu zao wakati jike anapotaga katika kiota cha mwingine. Hao wakishakua kidogo hujifanya majike, kwa rangi na kwa mwendo, ili mwenye kiota awaruhusu kuingia. Hawa wadogo hawalindi mayai hata siku moja.

Zaidi ya hayo, hata dume aliye katika njia ya kulinda hutazama wenzake. Maadamu ziwani mna madume makubwa yanayoshika viota vyema, kijana hana faida ya kushindana nao, hivyo huendelea kula na kukua. Wakubwa wakiondolewa, kijana hupata nafasi mapema, hukomaa akiwa mdogo, na chakula ambacho kingemjenga mwili hukigeuza kuwa mbegu na ugomvi wa viota. Baada ya miaka michache ziwa linabaki na samaki wengi wadogo waliokomaa, wasiokua tena kwa kiasi cha maana, na watu husema ziwa limeharibika bila kujua lililoliharibu. Kwa baridi ya huko, sanfishi wa sentimita 20 anaweza kuwa na umri wa miaka sita, saba au zaidi. Ndoo moja ya Juni haijazwi tena na Juni inayofuata.

Kwa sababu hiyo idara ya maliasili ya Minnesota, ambayo kwa kawaida huruhusu sanfishi 20 kwa mtu kwa siku, imepunguza idadi hiyo mpaka 10 au 5 katika maziwa mengi iliyoyachagua, ili kuwahifadhi wakubwa. Kila mwaka kitabu cha kanuni hutoka upya, na kuna ubao wa tangazo kwenye bandari ndogo za kushushia mitumbwi. Soma la ziwa lako kwa jina, kwa kuwa ziwa jirani linaweza kuwa na kanuni nyingine. Leseni huhitajika kwa mtu wa miaka 16 na kuendelea, na msimu wa sanfishi katika maziwa ya ndani ya jimbo haufungwi mwaka mzima.

Je, ni vibaya kuwachukua? Kisheria, ukiwa ndani ya idadi, huna kosa. Mimi nakushauri hivi, na ninalisema kwa moyo wote: katika majira ya viota, rudisha kila aliyezidi sentimita 20, na hasa dume mwenye kifua cha shaba; chukua wachache wa sentimita 15 hadi 18, ambao ndio wengi na ndio watamu; na ukishapata mboga ya siku hiyo, ondoka hapo kwenye viota. Watu wengi hufanya kinyume, wakiwatupa wa kati na kuwabeba wakubwa, kwa desturi ya kudhani kwamba mkubwa ameshamaliza kazi yake. Kwa samaki huyu, mkubwa ndiye kazi yake inaendelea.

Sasa Agosti. Mahali ulipoacha walinzi hapakuwa na sababu tena ya kuwaweka. Watoto wamekwishaogelea, maji ya ukingoni yamepata joto kali na mwanga mwingi, na waliobaki hapo ni wale wadogo ambao hawathubutu kutoka kwenye majani kwa kuogopa besi na paiki, samaki wakubwa wanaokula wenzao. Wakubwa wameshuka. Hawakwenda mbali sana, lakini wamekwenda chini, na ili uelewe wameshuka mpaka wapi, fikiria tena Tanganyika. Ziwa lile lina kina cha mita 1,470, lakini unajua kwamba wavuvi hawahangaiki na vilindi vyake, kwa kuwa chini ya mita 100 hadi 200 hivi hakuna oksijeni na hakuna samaki. Ziwa lako dogo hufanya jambo la namna hiyo kila kiangazi. Jua hupasha maji ya juu, maji ya moto huwa mepesi na huelea juu ya maji baridi, na upepo huyachanganya yale ya juu tu. Katikati hubaki tabaka jembamba ambamo joto hushuka ghafla, na chini yake, katika maziwa mengi yenye rutuba, uozo wa majani hula oksijeni yote. Sanfishi mkubwa wa Agosti hukaa juu ya mpaka huo, mara nyingi kati ya futi 10 na 20, akiegemea ukuta wa nje wa majani ya majini, mahali majani yanapokomea na kilindi kinapoanza. Wengine huondoka kabisa kwenye majani na kuelea maji ya wazi, wakila vijidudu vidogo vinavyoelea, na hao ni wagumu kuwapata bila mtumbwi.

Wewe unavua kutoka nchi kavu, basi tafuta mahali ambapo kilindi kimekaribia ukingo. Idara ya maliasili hutoa bure ramani za vina vya maziwa mengi, na mistari inapobanana ndipo ukingo unapoporomoka. Magati ya umma ya kuvulia pia mara nyingi hufika karibu na ukuta wa majani. Acha boya lililofungwa palepale futi mbili juu ya ndoano, maana hilo ni la Juni; tumia boya linaloteleza kwenye mshipi, ambalo huzuiwa na fundo dogo la uzi mahali unapotaka, ili uweze kushusha chambo futi 12 bila kushindwa kukitupa. Anza na futi 8, kisha ongeza futi mbili mbili mpaka uguswe. Nenda alfajiri au saa moja kabla ya jua kuzama. Mchana wa jua kali utawapata wadogo tu, na utarudi nyumbani ukisema ziwa limekufa.

Kuhusu vifaa sitasema mengi, kwa sababu wenye maduka watakuambia zaidi ya unayohitaji. Mdomo wa blugili ni mdogo, na kosa la wageni karibu wote ni ndoano kubwa. Chukua namba 8 au 10 yenye shina refu, ili uweze kuitoa bila kumchana samaki. Mshipi mwembamba wa kubeba ratili 4. Na boya jembamba linalozama kwa pumzi, kwa kuwa boya nene la mviringo humwambia samaki kwamba kuna mtu upande wa pili. Usitie nyungunyungu mzima. Kipande cha urefu wa ukucha kinatosha. Kwa chubwi, achana na risasi. Ndege mzamaji aitwaye luni, ambaye ndiye ndege rasmi wa Minnesota, humeza vipande vya risasi pamoja na kokoto za kumsaidia kusaga chakula, na kipande kimoja kinatosha kumuua. Chubwi za bati, chuma au tangisteni zipo, na tofauti ya bei kwa mvuvi wa kawaida ni ndogo. Nyungunyungu wanaobaki usiwamwage kandokando ya ziwa, kwa kuwa si wenyeji wa misitu ile na huiharibu. Watie kwenye pipa la taka.

Majira ya majani kupukutika hupita upesi, na wengi huweka ndoano ndani, jambo ambalo ni hasara yao. Septemba maji yanapopoa, sanfishi hurudi kwa muda kwenye majani yaliyobaki ya kijani. Tofautisha majani ya kijani na yaliyogeuka kahawia: ya kijani bado yanatoa oksijeni na yana wadudu, na ya kahawia yanaoza na kuinyonya. Baadaye maji ya juu hupoa mpaka yakawa na uzito sawa na ya chini, upepo huligeuza ziwa lote juu chini, na kwa siku kadhaa samaki hutawanyika kila mahali, nawe hutampata hata mmoja kwa mpango. Likishatulia, wakubwa hukusanyika katika mashimo ya kina cha wastani, na makundi hayo ndiyo utakayoyakuta chini ya barafu.

Jirani yako, basi, hakukudanganya. Maji huwa mazito kuliko wakati wote yanapokuwa na nyuzi 4 za Selsiasi. Yakipoa zaidi ya hapo huwa mepesi na hupanda juu, na ndiyo sababu barafu huanzia juu na maji ya chini hubaki karibu na nyuzi 4 majira yote ya baridi. Blugili hulala nusu tu. Moyo wake huenda polepole, chakula kidogo humtosha kwa siku nyingi, lakini hula. Barafu ya kwanza, mwezi Desemba katika sehemu zako, huwakuta kwenye ghuba zenye majani ya kijani, futi 6 hadi 12. Januari na Februari, theluji inapofunika barafu na kuzuia mwanga, majani hufa na oksijeni ya maji haya mafupi hupungua, nao huhamia kwenye mashimo yenye tope, futi 20 au zaidi, ambako hula viwavi wa usubi wa ziwani. Hao ni wa ukoo uleule wa wadudu ambao pale Ziwa Victoria huinuka juu ya maji kama moshi. Kiwavi mmoja ni mwembamba kama uzi, na kutokana na hilo utajua chambo cha baridi kinapaswa kuwa cha ukubwa gani: ndoano ndogo yenye kichwa cha tangisteni, kama punje ya mtama, na funza mmoja au wawili. Mvue kwa ufito mfupi wenye ncha laini, uitikise ndoano kidogo, kisha uiache itulie kabisa. Samaki wa baridi hamshtui mtu. Hukinyanyua chambo polepole, na dalili pekee ni ncha iliyoinama kuinuka badala ya kushuka.

Kabla ya ndoano, barafu yenyewe. Katika nchi tulizotoka hakuna kitu kinachotufundisha habari zake, na kila mwaka watu huzama, wakiwemo wenyeji. Barafu mpya, ngumu na iliyo wazi kama kioo inatakiwa iwe na unene usiopungua sentimita 10 kwa mtu anayetembea kwa miguu. Barafu nyeupe, iliyochanganyika na theluji, ina nusu ya nguvu hiyo, kwa hiyo unene wake unapaswa kuwa mara mbili. Pima kwa mtarimbo au keekee kila baada ya hatua chache, wala usitosheke na kipimo cha shimo moja. Jiepushe na mahali mto unapoingia au kutoka, na mahali penye mashine za kupuliza hewa. Vaa koti la kuokolea juu ya nguo zako, na uvae shingoni misumari miwili yenye vishikio, ambayo kwayo mtu aliyetumbukia hujivuta kurudi juu. Miaka miwili ya kwanza usiende peke yako. Fuatana na huyo jirani. Ukiwasha jiko la gesi ndani ya hema, acha tundu la hewa wazi, kwa kuwa moshi wake usio na harufu huua watu waliolala.

Kuna jambo jingine la kina. Kibofu cha hewa cha sanfishi hakina mlango wa kutolea hewa haraka, kwa hiyo aliyevutwa kutoka futi 30 hivi huvimba na hawezi kurudi chini. Mahali penye kina hicho usivue kwa nia ya kurudisha. Chukua unaowahitaji, kisha acha.

Machi barafu inapolainika, na Aprili inapoondoka, ndipo mzunguko unapokurudisha ukingoni, mapema kuliko unavyodhani. Tafuta ghuba ndogo upande wa kaskazini wa ziwa, zinazopokea jua la kusini siku nzima na kukingwa na upepo wa kaskazini, zenye sakafu ya tope jeusi, kwa kuwa rangi nyeusi hunywa joto. Ghuba kama hiyo inaweza kuwa na nyuzi 10 za Selsiasi, yaani 50 za Fareneheiti, wakati ziwa kubwa bado liko 5. Sanfishi huja humo kula, si kutaga, na hapo huwa wana njaa kweli. Nenda alasiri ya tatu ya jua mfululizo, saa tisa hadi saa kumi na mbili jioni, na chambo kidogo kinachoshuka polepole. Ubaridi ukirudi kwa usiku mmoja, watakuwa wamerejea kilindini asubuhi. Binafsi ninayapenda majira haya kuliko Juni, kwa kuwa mvuvi hupata samaki kwa kumwelewa, na wala hamvui mtu akiwa na watoto mikononi.

Watu wa huko watakuambia pia kwamba blugili hutaga kwa mwezi mpevu. Usilipuuze, lakini usilitangulize. Kwa tuliozoea kuhesabu giza la mwezi kwa ajili ya dagaa ni rahisi kulikumbatia kupita kiasi. Mwezi mpevu wenye maji ya nyuzi 15 hauleti kiota hata kimoja.

Mwisho, jikoni. Mshike kwa kuyalaza mapezi ya mgongoni kuanzia kichwani kuelekea mkiani, la sivyo miiba itakuchoma. Mtie kwenye barafu mara tu unapoamua kumchukua, umparue magamba, umtumbue, umchanje mbavuni mara tatu kila upande, umpake ndimu, chumvi na kitunguu saumu, umkaange mzima katika mafuta yenye moto mkali mpaka mapezi yakauke. Kwa kuwa hula zaidi wadudu kuliko samaki wenzake, zebaki mwilini mwake ni kidogo kuliko kwa paiki au woleye, ambao ni walaji wa samaki. Hata hivyo idara ya afya ya jimbo hutoa mwongozo wa kiasi cha kula kwa wajawazito na watoto, na mkeo au watoto wakiwa miongoni mwao, usome kabla ya kuifanya mboga ya kila siku. Wa sentimita 16 huenea vizuri wanne kwenye kikaango kimoja, na nyama yake ni laini kuliko ya yule wa 22.